Steringi Hafi: Kifo cha Shujaa katika Uhakiki wa Mashabiki wa Filamu wa Mombasa Bara

Swali linalotangulia mengine yote katika mazungumzo ya mashabiki wa filamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe ni fupi mno: je, steringi anakufa? Huulizwa na yule aliyeikosa filamu, huulizwa na aliyeitazama nusu umeme ukapotea, na huulizwa hata juu ya filamu ambayo bado haijakamilika kutengenezwa. Msomi aliyezoea kuanza na dhamira, mtindo na falsafa ya msanii hulipuuza swali hili na kuliona la kitoto. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Inadaiwa hapa kwamba swali hilo ni kigezo cha uhakiki kilichokomaa, kwamba mizizi yake imo katika fasihi ya Kiswahili yenyewe, na kwamba ndicho kigezo kinachozitia mashakani filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida ambazo Marekani imeisambazia dunia tangu mwanzoni mwa karne hii.

Neno steringi lastahili kutazamwa kwanza. Limetokana na lile la Kiingereza lililokuwa likitangulia majina ya waigizaji wakuu kwenye mabango ya sinema. Katika Kiingereza neno hilo ni kitenzi. Mtazamaji wa Kiswahili amelifanya mtu. Steringi ni mhusika mkuu na ni mwigizaji wake, wote wawili kwa pamoja, bila mpaka baina yao, na kinyume chake ni adui. Nadharia za kimagharibi humtaka mhakiki atenganishe mhusika na mwigizaji kabla hajasema lolote. Istilahi ya kibandani haiwatenganishi, na kama itakavyoonekana, kutowatenganisha huko si upungufu wa fikra.

Mombasa Bara hapa ni zile pande zinazokizunguka kisiwa: Likoni inayofikiwa kwa feri, Kisauni iliyo ng'ambo ya daraja la Nyali, na Changamwe iliyoshikwa na kisiwa kwa njia ya Makupa. Majumba ya sinema ya zamani, kama Regal na Majestic, yalikuwa kisiwani. Jumba la kisasa la Nyali limo bara, lakini tiketi yake si ya kila mtu. Kwa hiyo wengi wamezijua filamu kupitia kibanda cha video: benchi chache, pazia zito, televisheni iliyoinuliwa, na karatasi ya ratiba mlangoni ambapo mpira wa Uingereza na filamu hugawana siku. Ujirani huo wa mpira na filamu umeacha alama katika lugha ya mjadala. Filamu ijayo huzungumzwa kama mchezaji anayetarajiwa kusajiliwa: nani amesaini, nani amekataa, nani ameonekana wapi. Mazungumzo huanzia kibandani, huendelea katika foleni ya feri, na humalizikia maskani, ikiwa humalizika.

M. M. Mulokozi, katika kazi zake juu ya fasihi simulizi, amesisitiza kwamba fasihi hiyo ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kibanda cha video kina vyote hivyo. Kilichokosekana ni mtafiti. Mwanafunzi wa shahada hutumwa safari ya siku mbili kukusanya ngano kwa mzee ambaye wajukuu wake wameacha kumsikiliza, ilhali wajukuu wenyewe wako Mlaleo wakibishana juu ya ushujaa hadi usiku wa manane. Hili si kosa la mzee wala la wajukuu.

Fanani wa kibandani, katika filamu nyingi zilizopendwa, amekuwa mfasiri. Nchini Kenya jina lililotamba ni la DJ Afro, ambaye filamu zake za mapigano, za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, zilisambaa zikiwa na sauti yake juu ya sauti za waigizaji, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Dar es Salaam ilikuwa na wake, mashuhuri miongoni mwao akiwa Lufufu, na Kampala ina wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Matthias Krings aliyeandika mwaka 2010 juu ya wafasiri wa Tanzania aliipa makala yake anwani inayozungumzia kuugeuza wali kuwa pilau, na taswira hiyo inatosha. Mfasiri hatafsiri mazungumzo tu. Humwonyesha mtazamaji steringi mapema, humcheka adui kabla hajashindwa, huwabatiza wahusika majina ya mtaani, hueleza kwa nini mtu huyu ana haki ya kulipiza kisasi. Yaani uhakiki umeingia ndani ya kazi yenyewe. Mtazamaji aliyelelewa na sauti hiyo hawezi kuwa kimya mbele ya filamu isiyo na mfasiri. Atajaza mwenyewe nafasi iliyoachwa wazi, na ubishi wa maskani ni ujazaji huo.

Kanuni ya "steringi hafi" hutajwa kana kwamba ni amri. Ukweli ni kwamba kizazi kilichoitunga kilikuwa kimeshawaona masteringi wakifa. Katika Sholay na Deewaar, zote za mwaka 1975, Amitabh Bachchan hafiki mwisho akiwa hai. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972 Bruce Lee anarukia mitutu ya bunduki na picha inasimama hapo hapo. Watazamaji wa pwani hawakuzikataa filamu hizo, walizirudia. Maana ya kanuni basi si kwamba steringi haruhusiwi kufa, bali kwamba hafi bure. Kifo chake hakina budi kulipiwa: rafiki aokoke, mama apakate maiti, deni la ndugu lifutike. Kifo kisicho na mlipaji ndicho kinachoitwa uongo.

Anayetaka kujua kigezo hicho kimetoka wapi hana haja ya kwenda Bombay wala Hong Kong. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa ana nguvu zinazowashinda watu wote na ana mahali pamoja tu pa kumuua: kitovuni, kwa sindano ya shaba. Siri hiyo anaitoa mwenyewe kwa mwanawe, na mwana ameshanunuliwa na mfalme wa Pate. Mashabiki wa leo wanapojadili udhaifu wa Superman mbele ya jiwe la sayari yake wanajadili kitovu cha Liyongo, ila kwa tofauti moja kubwa. Jiwe liko nje ya Superman. Siri ya Liyongo iko mdomoni mwake na katika damu yake. Kisha tazama gharama. Liyongo anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na mji mzima unashindwa kuteka maji kwa kumdhania hai, mpaka mama yake anapoletwa kumsihi. Mwana hakukipata alichoahidiwa. Kifo cha mtu mmoja kimefunga kisima cha umma: hiki ndicho kipimo ambacho filamu za Marekani zinapimwa kwacho huko Mtongwe na Mikindani, hata pale ambapo anayepima hajausoma utenzi.

Si Liyongo peke yake. Mtazamaji wa pwani aliyekutana na Ra's al Ghul katika Batman Begins ya mwaka 2005 alikuwa na sababu ya kushtuka, kwani jina hilo la Kiarabu limo katika utenzi mkubwa wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliohaririwa na Leo Van Kessel na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1979. Wachoraji wa Marekani walimzua Rasi wao mwaka 1971. Katika vitabu vyao vya picha adui huyo hutumbukizwa shimoni akafufuka kila anapokufa. Katika utenzi, upanga wa Seyidina Ali ukishapita umepita.

Hapo ndipo penye mgogoro. Umberto Eco alionyesha mapema, mwaka 1962, kwamba Superman hawezi kuruhusiwa kusogea hata hatua moja kuelekea kifo, kwa kuwa lazima auzwe tena wiki ijayo. Muda katika hadithi zake hauna budi kufifizwa. Wachapishaji walimuua hata hivyo mwaka 1992 na kumrejesha mwaka 1993. Tangu wakati huo kifo cha shujaa kimekuwa cha mkopo. Filamu zimeirithi biashara hiyo na kuongeza jambo jipya, nalo ni orodha ya filamu zijazo inayotangazwa miaka kadhaa mbele. Mwezi wa Oktoba 2014 kampuni ya Marvel ilitangaza hadharani filamu zake za hadi mwaka 2019. Avengers: Infinity War ilipotoka Aprili 2018, nusu ya viumbe wote wakageuka vumbi, akiwemo Spider-Man. Lakini filamu ya Spider-Man ya Julai 2019 ilikuwa imeshapangiwa tarehe tangu Desemba 2016. Black Panther naye alikuwa ametoka kuingiza zaidi ya dola bilioni moja. Shabiki aliyezijua tarehe hizo angelia vipi? Orodha imemnyang'anya tanzia kabla hajaketi. Wanaodai kwamba vijana hawana subira ya majonzi wangetazama kwanza ni nani aliyeyauza majonzi hayo mapema.

Uhakiki huu una kasoro zake, na si ndogo. Mara nyingi shabiki hukariri alichotayarishiwa na watangazaji na kukiita utabiri. Kumjua mwigizaji aliyesaini si kuijua filamu. Tena steringi wa maskani ni mwanamume mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wakanda Forever ya mwaka 2022, iliyomvika Shuri vazi la nduguye, iliiweka kasoro hiyo wazi, na wabishi wengi walikimbilia kusema kwamba filamu haina steringi. Haina, au hawakumtambua? Ni ajabu kwa jamii ambayo Liyongo wao hakutoka gerezani ila kwa mkate wenye tupa uliopikwa na mama yake na kubebwa na kijakazi Saada.

Hata hivyo filamu hiyo hiyo ndiyo iliyothibitisha nguvu ya istilahi ya kibandani. Black Panther ilikuwa imepokelewa Kenya kama jambo la nyumbani. Ilizinduliwa Kisumu Februari 2018, na Lupita Nyong'o akiwa Nakia. Chadwick Boseman alipofariki kwa saratani ya utumbo tarehe 28 Agosti 2020, watengenezaji waliamua wasimtafutie mwigizaji mwingine wa T'Challa. Kwa mara ya kwanza katika mfululizo ule kifo kilikuwa na gharama isiyoweza kurudishwa, na sababu ni kwamba kilitoka nje ya hadithi. Mhakiki wa chuoni hulazimika kusema kwamba mwigizaji alikufa na mhusika akafuatishwa. Wa kibandani alisema steringi amekufa, akawa amesema yote.

Baada ya hapo limekuja tangazo lililozua ubishi mrefu zaidi. Robert Downey Jr., ambaye Tony Stark wake alikufa katika Endgame ya mwaka 2019 kwa kuokoa ulimwengu, alitambulishwa Julai 2024 kuwa ndiye atakayekuwa Doctor Doom katika Avengers: Doomsday, filamu iliyopangiwa kwanza Mei 2026 kisha ikasogezwa hadi Desemba ya mwaka huo. Kwa anayetenganisha mhusika na mwigizaji hakuna tatizo. Kwa istilahi ya steringi, sura iliyolipiwa kwa kifo imekodishwa kwa adui. Wapo wanaoliona hilo ni tusi kwa marehemu. Wapo pia, hasa wenye umri, wanaokumbusha Don ya mwaka 1978, ambamo jambazi anakufa na mtu mwema mwenye sura yake, Amitabh huyo huyo, anatiwa mahali pake. Hoja hii ya pili ni nzito kuliko inavyodhaniwa, lakini ina pengo. Don iliuweka mfanano wa sura ndani ya hadithi: watu wanadanganyika kwa sababu sura ni ile ile, na hatari yote inatoka hapo. Filamu ya Downey itakuwa na haki ya sura yake ikiwa tu wahusika wenyewe watashtuka kuiona. Iwapo hakuna atakayeshtuka isipokuwa mtazamaji, basi aliyerudishwa ni mvuta wateja, na wale wanaolalamika kwenye foleni ya Likoni watakuwa wamehakiki sawasawa kabla ya filamu kuwafikia.

Katika mwaka ule ule wa Infinity War, Mkenya Likarion Wainaina alitoa Supa Modo, filamu ya Jo, msichana mgonjwa asiye na matumaini ya kupona ambaye anatamani kuwa shujaa wa filamu. Gharama yake haifiki hata chembe ya zile za Marekani, na katika mijadala ya masteringi haitajwi sana. Nguvu za Jo zinatengenezwa na majirani: wanakubaliana kudanganyika, kisha wanashika kamera ili wampatie filamu yake. Maradhi hayashindwi. Jo hana kitovu cha siri wala jiwe la sayari. Udhaifu wake unajulikana na kijiji kizima tangu mwanzo, na hakuna aliyenunuliwa na mfalme. Vazi lake limeshonwa kijijini, na hakuna sehemu ya pili iliyopangiwa tarehe.