Vibanda Vitatu vya Luther: Mzazi Mwandishi na Vitabu vya Nyumbani

Swali ambalo sisi wachungaji huulizwa mara kwa mara mlangoni baada ya ibada, watu wakipeana mikono, ni hili: "Mchungaji, watoto wetu wasome nini nyumbani?" Anayeuliza huwa ana haraka, nyuma yake kuna foleni, nasi tuna haraka kuliko yeye. Tunajibu: Biblia na Katekisimo. Anashukuru, anakwenda zake. Jibu hilo halina kosa, ila kwa miaka mingi tumelitoa bila kumwuliza mzazi yule swali la pili: na wewe mwenyewe, mtoto wako hukuona ukisoma lini?

Katika makala hii tunataka kulijibu swali la mlangoni kwa utulivu zaidi. Tumemchagua mzazi mmoja aliyekuwa pia mwandishi, Dr. Martin Luther. Hatukumchagua kwa sababu sisi ni Walutheri na ni lazima tumtaje, bali kwa kuwa aliacha maandishi ya kutosha kuhusu yale aliyotaka yasomwe nyumbani. Tutayapima maandishi hayo, tutayasifu panapostahili, na pale yanapopungua tutasema.

Tuanze na Katekisimo Ndogo, ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya Kipaimara. Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia uliomwonyesha kwamba watu wengi, na hata baadhi ya wachungaji, hawakujua Amri Kumi wala Sala ya Bwana. Mwanzoni ilichapishwa katika karatasi kubwa za kubandikwa ukutani. Sehemu zake kuu ziliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Jambo hilo tumelisahau. Tumeitoa Katekisimo ukutani mwa nyumba, tukaipeleka darasani kwa mwinjilisti, kisha tukanawa mikono.

Ni vema tukumbuke pia hali ya nyumba ya mwandishi. Hans, mtoto wa kwanza wa Luther na Katharina von Bora, alizaliwa mwaka 1526. Binti yao Elisabeth alizaliwa mwishoni mwa 1527, akafariki mwaka 1528 kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Magdalena akazaliwa Mei 1529. Kwa hiyo kitabu tunachokiona kama cha mtihani kiliandikwa na baba aliyekuwa amezika mtoto mmoja, ana mwingine anayejifunza kusema, na mwingine bado yumo tumboni mwa mama yake.

Uzuri wa Katekisimo ni ufupi wake, na lile swali dogo linalofuata kila fungu, la kuuliza maana. Upungufu wake uko hapo hapo. Swali linaulizwa na kitabu, na jibu linatolewa na kitabu. Mtoto aweza kulisema jibu neno kwa neno huku moyo wake uko uwanjani kwenye mpira, na mzazi aweza kumsikiliza huku macho yake yako kwenye simu. Tumesimamia mitihani mingi ya Kipaimara. Tumewasikia vijana wakitoa maelezo ya Amri ya Nne bila kukosea hata neno, kisha wakanyamaza tulipowauliza, "Na jana, mama yako ulimheshimuje?"

Mwaka uliofuata Luther alikuwa katika ngome ya Coburg. Wenzake walikuwa Augsburg mbele ya Kaisari Karl V, lakini yeye hakuweza kwenda huko kwa kuwa dola ilikuwa imempiga marufuku. Alikaa ngomeni tangu Aprili hadi mwanzoni mwa Oktoba 1530. Mara tu alipofika alimwandikia Philip Melanchthon kwamba atajenga hapo vibanda vitatu: kimoja cha Zaburi, kimoja cha Manabii, na kimoja cha Aesop. Anayeijua Mathayo 17 atatabasamu. Petro alitaka kuwajengea Yesu, Musa na Eliya. Luther anampa kibanda mtunzi wa ngano za wanyama, Myunani aliyeishi karne nyingi kabla ya Kristo.

Wapo washarika watakaouliza ngano zinafanya nini karibu na Zaburi. Luther hakuona aibu. Alianza kuziandika upya kwa Kijerumani chepesi, maana toleo lililokuwa likisomwa siku zile lilichanganywa na mizaha isiyofaa masikioni mwa watoto. Kazi hiyo hakuimaliza, na ngano chache alizoziandika zilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1557. Lakini katika dibaji yake kuna shauri ambalo kwetu ndilo kiini cha jambo zima. Anasema baba wa nyumba, akiwa mezani pamoja na mke, watoto na watumishi, aweza kuuliza kwa faida: ngano hii ina maana gani katika maisha? Swali ni lile lile la Katekisimo. Tofauti ni kwamba safari hii kitabu hakijibu. Mezani pale ni lazima mtu ajibu.

Tulilijaribu shauri hilo nyumbani kwetu. Tulimsomea mtoto wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa, ngano ya mbwa-mwitu na mwana-kondoo, ambayo ni mojawapo ya zile alizoziandika Luther. Mbwa-mwitu anakunywa upande wa juu wa kijito, mwana-kondoo upande wa chini, lakini mbwa-mwitu anamshitaki mwenzake kwamba anamchafulia maji. Mwana-kondoo anajitetea kwa hoja nzuri, na bado analiwa. Tulipouliza maana yake tulitazamia jibu la kawaida, kwamba tusiwaonee wanyonge. Mtoto alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, yule mbwa-mwitu hakutaka jibu." Kisha, akichezea kijiko chake, akatueleza habari za mwanafunzi mkubwa aliyekuwa akimnyang'anya hela ya uji, na kila asubuhi akimpa sababu mpya. Jambo hilo lilikuwa limeendelea kwa muhula mzima. Kila usiku tulikuwa tumesali naye, na Amri Kumi alikuwa anazijua zote. Hadithi ya mwana-kondoo ndiyo iliyomfungua kinywa.

Hatusemi kwamba ngano ni bora kuliko Katekisimo. Tunasema mtoto anahitaji kitabu kinachompa jibu la imani alishike, na kitabu kingine kinachomwachia nafasi ya kusema yaliyomo moyoni. Nyumba yenye cha kwanza tu hulea watoto wanaojibu vizuri na kuficha mengi. Wala si lazima twende Uyunani kila jioni. Sungura na fisi wa bibi zetu wapo. Hekaya za Abunuwasi zipo pia, nazo, kama Aesop wa siku za Luther, zinataka mzazi azipitie kwanza, kwa kuwa baadhi yake humsifu mlaghai.

Kuhusu kibanda cha Manabii tutasema machache. Luther alikuwa akiwatafsiri wakati ule, na kwa watoto wadogo wengi wao ni wagumu. Tunapendekeza kuanza na Yona. Ana sura nne, yaani jioni nne, na mwisho wake ni swali ambalo Mungu anauliza na Yona hajibu. Mwachieni mtoto amjibie.

Sasa tufike kwenye Zaburi. Katika dibaji yake ya mwaka 1528 Luther aliiita Zaburi Biblia ndogo. Ni sifa nzuri, ila sifa za dibaji ni rahisi kuziandika. Kinachotugusa zaidi kilitokea kule Coburg. Mwishoni mwa Mei 1530 baba yake alifariki, na habari zikamfikia mwanzoni mwa Juni. Veit Dietrich, aliyekuwa akiishi naye ngomeni, alimwandikia Katharina kwamba Luther alipoisoma barua ile aliichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia sana. Mwandishi huyu, ambaye kalamu yake haikupumzika, saa ile hakwenda kwanza kuandika. Alikwenda na kitabu ambacho hakukitunga yeye.

Hapa tunajihukumu wenyewe. Tulipofiwa na baba yetu mzazi, ndugu walitukabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa, walisema, sisi ndio waandishi wa ukoo. Tulikaa kwenye kompyuta usiku kucha. Tarehe zote zilikuwa sahihi, majina ya wajukuu wote yalikuwemo, na msibani watu waliusifu wasifu ule. Miezi kadhaa baadaye binti yetu mkubwa alituambia, bila hasira yoyote, "Mama, usiku ule wa msiba wa Babu nilitaka nije nikae na wewe, lakini nikaona unafanya kazi."

Hatukuwa na la kumjibu. Nyumba yetu imejaa vitabu. Tunafundisha chuoni, tunaandika mahubiri na vitini. Lakini watoto wetu walikuwa wamejifunza kwamba kitabu mkononi mwa mama ni kazi, na mtu aliye kazini hasumbuliwi. Orodha yoyote ya vitabu ambayo tungewapa ingekuwa orodha ya kazi. Mtoto hukipokea kitabu ambacho amemwona mzazi wake akikikimbilia siku ya dhiki.

Juni hiyo hiyo, siku chache kabla ya Ungamo la Augsburg kusomwa mbele ya Kaisari tarehe 25, Luther alimwandikia Hans, aliyekuwa na miaka minne. Barua hiyo inasimulia bustani nzuri ambamo watoto huokota matunda, huimba, na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Ni mojawapo ya maandishi yake mazuri kabisa, na haina neno hata moja la mabishano. Hata hivyo msomaji Mlutheri atakwaruzwa na jambo moja: wanaoruhusiwa kuingia bustanini ni watoto wanaosali, wanaojifunza na walio wema. Je, huyu si yule aliyefundisha kwamba tunaokolewa kwa neema na si kwa matendo? Tumeisoma barua hiyo na wanafunzi wetu mara nyingi, na hawakosi kuuliza hivyo. Nasi tunaona wana haki. Baba anapomwandikia mtoto mdogo ni rahisi ateleze kwenye ahadi ya zawadi, jambo ambalo sote tumelifanya. Lakini wasome hadi mwisho. Luther anamwambia mwenye bustani kwamba Hans ana shangazi yake, Lena, na ni lazima aje naye. Mwenye bustani anakubali papo hapo, bila kuuliza kama shangazi anasali. Neema imeingia kwa mlango wa nyuma.

Upungufu mwingine ni mkubwa zaidi. Luther anamkabidhi baba meza yote. Katika sharika zetu nyumba nyingi huongozwa na mama, bibi au dada mkubwa, na pwani yetu ina mfano wa zamani. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliposhikwa na ugonjwa alimtungia binti yake utendi wa mausia, mwaka 1858. Karne iliyofuata Shaaban Robert wa Tanga alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili. Hao walikuwa Waislamu, nasi tunawasoma kama majirani. Si kila usia wa Mwana Kupona kuhusu mke na mumewe tungempa binti leo bila mjadala. Lakini wanatufundisha kwamba mzazi, mama au baba, aweza kumwandikia mtoto wake mwenyewe kabla ya kuwaandikia watu wote.

Tena hatuwezi kumpendekeza Luther bila onyo. Mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki yasiyostahili kusomwa mezani mwa Mkristo isipokuwa kwa toba. Mzazi anayefungua maandishi yake na ajue hilo. Naye mtoto akishakua aambiwe wazi, asije akaligundua mwenyewe na kudhani tulimficha.

Basi, ndugu uliyetuuliza mlangoni, hili ndilo jibu letu la polepole. Soma Zaburi moja kwa sauti baada ya chakula cha jioni. Ya 13 au ya 121 ni fupi na inatosha. Siku ya Jumamosi simulia ngano moja, kisha uliza maana yake na unyamaze hadi mtu mwingine aseme. Katekisimo irudi ukutani, na safari hii mwache mtoto akuulize wewe. Kumbukumbu la Torati 6 inatuagiza tuyanene maneno ya Bwana tuketipo nyumbani na tulalapo, na haisemi tuwaachie wainjilisti.

Nyumbani kwetu tumeanza kwa kuchelewa. Siku hizi, baada ya chakula, kompyuta hufungwa na Zaburi ya karatasi huwekwa mezani, ile ya marehemu baba yetu iliyochakaa kingo. Majuzi tulimkuta binti yetu mkubwa ameishika peke yake, jikoni. Hatukumwuliza anasoma ya ngapi. Tulivuta kiti, tukaketi karibu naye.