Simu ya Kopo na Uzi Uliolegea

Katika maonyesho ya kazi za wanafunzi wa shule zetu za msingi, somo la mwanga na sauti huwakilishwa na vitu vitatu: simu ya kopo, kisanduku chenye tundu la sindano, na karatasi ya manila iliyochorwa wimbi kwa kalamu nyekundu. Wageni hupita wakasifu, na jioni vitu hivyo hurudishwa juu ya kabati vikangoje wageni wengine. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilikagua mazoezi mengi ya kufundisha, na mara nyingi niliona zana za namna hii zikipewa alama kwa unadhifu wake. Hapana shaka kazi ya mikono ni njema. Lakini lazima tuulize kazi hiyo imemfundisha nini mtoto aliyeifanya.

Tuanze na simu ya kopo. Mtoto akisema, kitako cha kopo hutetema, mtetemo hupita katika uzi, na kopo la pili huutoa tena kuwa sauti. Hayo ataambiwa na kitabu. Faida ya kuwa na kopo mkononi ni kwamba anaweza kuiharibu simu yake kwa makusudi. Aulegeze uzi: sauti inakufa. Aukaze tena, kisha mwenzake aubane katikati kwa vidole: sauti inakatika, naye mwenye vidole anahisi mtetemo ukimtekenya. Aupitishe uzi kwenye pembe ya ukuta: matatizo yale yale. Katika dakika kumi mtoto amejifunza kwa nini uzi lazima ukazwe na usiguswe na kitu. Kwenye maonyesho, hata hivyo, simu huning'inizwa ukutani, uzi umelegea, wala hakuna anayeona kwamba haiwezi kufanya kazi.

Sasa tuangalie mwangwi. Watoto wa darasa la sita hukariri kwamba mwendo wa sauti hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Shule yenye uwanja wa mpira unaotazamana na ukuta mrefu ina maabara tayari. Wapime mita 85 kutoka ukutani. Mmoja apige vibao viwili vya mbao, aharakishe au apunguze mpaka kila pigo lilingane na mwangwi wa pigo lililotangulia. Mwenzake mwenye saa ahesabu, pigo la kwanza akiliita sifuri. Pigo la ishirini likiangukia sekunde ya kumi, basi sauti imekwenda ukutani na kurudi, yaani mita 170, kwa nusu sekunde. Kundi moja litapata 325, jingine 360, na hapo ndipo somo linapoanza. Nani alikosea kupima? Je, hewa ya asubuhi na ya adhuhuri ni sawa? Mwendo huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii moja ya joto. Mwingine atasema Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa nyepesi huichelewesha sauti. Ni hoja ya mtoto anayefikiri, ijapokuwa si kweli: joto likiwa lile lile, urefu wa mahali haubadilishi mwendo wake.

Kuhusu mwanga, sisi wa Mtendeni na Tabora yote tumebahatika. Miembe iliyopandwa kando ya njia ya misafara iliyokwenda Ujiji imetuachia zaidi ya kivuli. Tazama madoa ya jua chini ya mwembe: ni ya mviringo, ilhali nafasi kati ya majani hazina umbo lolote maalum. Kila nafasi ndogo ni tundu la sindano, na kila doa ni taswira ya jua lenyewe. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, hapa lilipatwa kwa sehemu, na aliyetazama chini badala ya juu aliweza kuona madoa yamekuwa hilali. Mtoto aliyeelewa kisanduku chake angeweza kulitabiri jambo hilo. Aliyekipaka rangi tu hakuwa na la kusema.

Ile karatasi ya manila ndiyo inayonitia shaka zaidi. Mstari mmoja wa kupanda na kushuka hutumika kwa sauti na kwa mwanga, na mtoto huondoka akiamini kwamba hewa hupanda na kushuka kama maji ya ziwa. Sauti ni hewa inayosongwa na kuachiwa, kuelekea kule kule inakokwenda. Mwanga hauhitaji hewa kabisa. Ndiyo maana tunaliona jua kupitia ombwe lakini hatulisikii.

Najua jibu la walimu: darasa lina watoto themanini, na mtihani hauulizi vibao vya mbao. La kwanza lina uzito, ingawa kopo, uzi na uwanja havihitaji bajeti. La pili si geni. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule zetu zinatukuza mno maarifa ya vitabuni. Kabla ya hapo, mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda haraka kuliko yaliyopoa. Akachekwa, lakini alishikilia swali lake, na mwaka 1969 likachapishwa pamoja na majaribio ya Profesa Denis Osborne. Wanasayansi wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Mtoto wa Tanzania ndiye aliyewapa la kubishania.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukipita kwenye maonyesho, usiulize nani alitengeneza simu hii. Mwombe mtoto aulegeze uzi, kabla hajaulegeza akuambie kitakachotokea, kisha msikilize pamoja.