Somo la Nne na Toti Iliyopotea

Somo la nne la ile kozi ya mtandaoni ya wahudumu wa baa lilipaswa kurekodiwa upya kabla ya kuachiwa. Nalisema mapema ili msomaji asisubiri hukumu hadi mwisho. Wengi wenu mmelitazama, maana limezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa kaunta hapa mtaani kwetu Mirongo, na wapo waliokwisha kuweka cheti chake kwenye profaili. Kozi ni ya bure, unaifuata kwa simu, unajibu maswali ya kuchagua, unapata cheti chenye jina lako. Masomo matatu ya mwanzo, yaani usafi wa glasi, kumkatalia mteja aliyezidiwa na mpangilio wa kaunta, yamefundishwa vizuri.

Kisha linakuja somo la nne, la kumimina. Mwalimu anashika kipimo, anakionyesha kwenye kamera, anakisogeza pembeni na kusema kuanzia sasa tutamimina kwa kuhesabu. Chupa yenye mdomo wa kumiminia inageuzwa juu chini, anahesabu moja hadi nne, anakata. Hapo ndipo nilipotarajia arudishe kile kinywaji kwenye kipimo tuone kimefika wapi. Hakurudisha. Kamera ikahamia kwenye kipande cha limau. Nimerudia kutazama na bado siwezi kukwambia kama kilichoingia kwenye ile glasi ni ml 50, 60 au 70, na mwanafunzi aliye nyumbani naye hawezi. Amefundishwa kuhesabu, hakufundishwa kujua kama hesabu yake ni ya kweli.

Na hesabu yenyewe ni ya Marekani. Kila namba ni nusu aunsi, hivyo nne ni aunsi 2, karibu ml 60. Kwa kokteli ya New York haina shida. Mpe sasa binti wa kaunta ya Mirongo ambaye mteja amemwambia, "Dada, nipe toti ya Konyagi." Tuchukue toti ya ml 30. Akilifuata somo kwa uaminifu, ametoa toti mbili kwa bei ya moja. Mzinga wa ml 750 una toti 25. Kwa mkono wa mwalimu zitatoka 12 na nusu. Usiku wakipiga stoku, shoti haikatwi kwa mwalimu. Inakatwa kwenye mshahara wa binti.

Mtaniambia basi ahesabu hadi mbili. Sawa, lakini mbili ya nani? Spika inapiga singeli, na ulimi hufuata ngoma hata kama hutaki. Ikija rumba, hesabu inalegea. Amarula, yenye krimu na sukari, hushuka polepole kuliko Konyagi. Tundu la hewa la mdomo wa kumiminia likiganda sukari, mtiririko unabadilika bila kukuaga. Kosa la ml 5 tu kila toti, yaani kutoa 35 badala ya 30, linaushusha mzinga hadi toti 21. Nne zimekwenda. Kosa likiegemea upande wa pili, ml 25, mzinga unatoa toti 30, na hapo aliyeibiwa ni mteja. Chukua bei ya toti ya baa yako, zidisha, utaona ninachokasirikia.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hela. Somo la pili lilitufundisha, na vizuri, kuhesabu toti alizokunywa mteja ili ujue wakati wa kumwambia basi. Konyagi ina kileo cha asilimia 35. Toti ya ml 30 inabeba gramu 8 hivi za kileo halisi. Ya ml 60 inapita gramu 16. Mteja uliyemwandikia toti tatu huenda amekunywa sita, na sasa anatafuta ufunguo wa pikipiki. Somo la nne limelivunja somo la pili ndani ya kozi moja, na hakuna aliyeliona wakati wa kuhariri.

Aliyeandaa mtaala hakuifikiria kaunta ya kwetu. Bia za Balimi, Safari na Castle Lite zinakuja zimepimwa na kuzibwa kiwandani; kazi yako ni kufungua. Hata pombe kali, kwa miaka mingi, ilipimwa kiwandani ndani ya kiroba, kile kifuko cha plastiki. Machi 1, 2017 Serikali ikapiga marufuku viroba, uamuzi ninaoutetea hadi leo. Lakini mnywaji mwenye hela kidogo hakuacha kunywa. Chupa ndogo ikimshinda bei, anakuja kaunta kuomba toti, na kipimo kilichokuwa kiwandani kiko mkononi mwa mhudumu. Kati ya yote anayofanya kwenye baa ya Mirongo, toti ndiyo karibu pekee inayotegemea kipimo chake. Kozi imekichukua kitu hicho hicho na kukisogeza pembeni.

Wakala wa Vipimo wanapambana na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, na sote tunawaunga mkono. Toti isiyopimwa ni lumbesa ya kaunta. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1988, jini, ramu, vodka na wiski huuzwa kwa ml 25 au 35, na baa haichagui kukisia. Kinachosamehewa ni mchanganyiko wa vimiminika vitatu au zaidi. Sisi tunaiga kumimina kwa mbwembwe. Nimeshaandika na naandika tena: filamu ya *Cocktail* ya 1988, na Tom Cruise wake anayerusha chupa, imeharibu mikono mingi.

Watetezi wa somo watamtaja Constante Ribalaigua wa El Floridita, Havana, aliyesifiwa kwa kumimina daiquiri zikajaa glasi bila kubakisha. Ni kweli. Lakini Ribalaigua alishika baa ile kwa miongo mingi hadi kifo chake mwaka 1952. Mkono wake ulishakuwa kipimo. Huwezi kumpa mtoto wa wiki ya kwanza mwisho wa safari ya mzee yule.

Waliotangulia kwetu walilijua hili. Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kilikuwa na hoteli yake: mwanafunzi alimhudumia mgeni halisi, aliyelipa, na mwalimu alikuwa nyuma ya bega lake. Samson Kivelenge wa mgahawa wa Carnivore huko huko Nairobi, yule Dr. Dawa, alijenga jina kwa kinywaji kimoja, dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu na asali kwenye kijiti, na kinywaji cha namna hiyo kinasimama kwa uwiano tu. Asali ikizidi unakunywa sharubati, vodka ikizidi huonji kingine.

Sina ugomvi na kufundisha kwa mtandao. BarSmarts ya Pernod Ricard huko Marekani ilifundisha kwa mtandao, lakini wanafunzi walipelekewa vifaa, na waliochukua ngazi ya juu walifanya mtihani wa vitendo mbele ya mabingwa. Cheti cha ngazi hiyo kilikuja baada ya mtu kuonja.

Hapa kwetu hata vifaa vya kutumiwa havihitajiki. Bomba la sindano la ml 10 linauzwa duka la dawa; likijaa mara tatu, una toti yako. Chupa tupu, maji ya bomba, mdomo wa kumiminia, bomba la sindano. Mwanafunzi amimine toti kumi za maji kwa kipimo, kisha kumi kwa kuhesabu, kila moja aivute kwa sindano na kuandika ilipofika. Ajirekodi toti tano za mwisho na kuituma video. Nyepesi inatosha, isimalize bando. Anayekosa kwa zaidi ya ml 2 arudie, na ashike kipimo kila zamu hadi atakapoacha kukosa.

Waandaaji wakiliweka hilo ndani ya somo la nne, nitalisifu hapa hapa. Somo la tano, la barafu, nitalifikia wiki ijayo: limepigwa picha mbele ya mashine inayotoa vipande vikubwa vigumu, na hakuna aliyeeleza nini kinaipata kokteli unapotumia barafu ya trei ya friji baada ya umeme kukatika mchana mzima.