Jinamizi Kwanza, Kuruka Angani Baadaye: Kitabu cha LaBerge Mkononi mwa Anayekabwa Usiku

Kitabu chenyewe ni cha zamani. Exploring the World of Lucid Dreaming cha Stephen LaBerge na Howard Rheingold kilitoka Marekani mwaka 1990, na mpaka leo ukiuliza namna ya kujifunza kuota huku unajua kwamba unaota, ndicho utakachotajiwa. Hapa Mwanza kinatembea kwenye simu za wanafunzi kama mitihani ya miaka iliyopita. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikisoma kama wengine, kwa hamu ya kuruka juu ya ziwa bila nauli. Mara ya pili nilikisoma kwa ajili ya mtu anayeogopa kulala, na kwa macho hayo kinakuwa kitabu kingine kabisa.

Mtu huyo ni jirani yangu hapa Buswelu, binti wa mwaka wa pili chuoni. Ndoto yake ni ileile: maji yanapanda, mlango haufunguki, anaamka anahema. Alisikia kwamba ukishajua unaota unaweza kuyaamuru maji yashuke. Akaniuliza, "Dada, niweke alamu saa kumi usiku kama wanavyofundisha, au ndiyo nitazidisha?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa, na kitabu chenye kurasa zaidi ya mia tatu hakimjibu moja kwa moja.

Kwanza tukipe haki yake. Kuota ukijijua si porojo za kijiweni. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alimlaza Alan Worsley akiwa amebandikwa nyaya za kupima usingizi. Walikubaliana kwamba Worsley akijitambua ndani ya ndoto, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Ujanja uko hapo: katika usingizi wa REM, ule ambao ndoto zake ni kali zaidi, misuli karibu yote ya mwili inazimwa, lakini ya macho na ya kupumulia inaachwa ifanye kazi. Ishara zikafika kwenye mashine huku ubongo ukionyesha wazi kwamba mtu amelala. LaBerge alifanya utafiti wa namna hiyohiyo Stanford na kupata shahada yake ya uzamivu mwaka 1980. Kwa hiyo anaandika kama mtu aliyepima, na inaonekana: maelezo yake ni safi, mazoezi yana hatua, na hakuombi uamini chochote kabla hujajaribu.

Ila kitabu kimeandikwa kwa mtu ambaye usiku wake ni wa amani. Karibu kila sura inachukulia kwamba usingizi ni uwanja wa michezo unaokusubiri. Kwa anayekabwa, uwanja huo una mbwa.

Na hilo neno kukabwa linahitaji kuangaliwa, maana sisi tunasema "jinamizi" kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni ndoto mbaya inayokuamsha: maji, kukimbizwa, msiba. La pili ni kuzinduka ukiwa umelala chali, unaona chandarua, unasikia mabati yakilia kwa upepo, lakini huwezi kunyanyua kidole, kifua kimelemewa na unahisi kuna mtu chumbani. Hilo la pili ni kupooza usingizini. Akili imeamka kabla swichi ya misuli ya REM haijarudishwa, na mabaki ya ndoto yanachanganyika na chumba halisi. Brian Sharpless na Jacques Barber walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2011 na kukuta kwamba karibu asilimia 8 ya watu wamewahi kupatwa na hali hii walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 28. Mwanafunzi anayesoma hadi usiku wa manane na kulala kwa mafungu anaelewa kwa nini.

Pwani yetu inaijua hadithi hii kwa jina lake. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walihama vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wakiota moto pamoja. Wapo waliosema mapema kwamba kiini chake ni kupooza usingizini, na dalili nyingi zilizosimuliwa zinafanana. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu Popobawa, ananung'unikia haraka hiyo ya wageni kufunga mjadala kwa neno moja la kitabibu. Anaonyesha kwamba Waswahili wenyewe waliongea Popobawa kwa utani, kwa siasa na kwa shaka pia. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini hata yeye hafuti ukweli kwamba mtu akikabwa usiku anatafuta nani amekaba.

Huku Kanda ya Ziwa swali la "nani" lina gharama. Mtu akikabwa mara tatu kwa wiki, ataambiwa aende kwa mganga, na mganga wa namna fulani atamtajia jirani. Tunajua historia ya mikoa yetu na vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo aghalabu yalitokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Ndiyo maana sioni elimu ya ndoto kama burudani ya watu wenye muda. Mtu akielewa kwamba uzito ule kifuani ni misuli iliyochelewa kuamka, kuna bibi mmoja mtaani ambaye hatatajwa.

Sasa turudi kwenye alamu ya saa kumi. LaBerge anashauri uamke masaa mawili au matatu kabla ya muda wako wa kawaida, ukae macho kidogo, kisha urudi kulala ukiwa na nia moja: nikianza kuota tena, nitakumbuka kwamba naota. Mantiki ni nzuri, kwa sababu REM hurefuka kuelekea alfajiri na ukirudi kulala unaingia humo haraka. Lakini kuingia REM haraka huku akili ingali macho ndiko kunakoleta kupooza. Mwaka 1992 Takeuchi na wenzake nchini Japani walionyesha maabara kwamba kwa kumkatisha mtu usingizi na kumrudisha kulala unaweza kumsababishia hali hiyo. Kwa maneno mengine, mlango uleule ambao LaBerge anakufungulia uende kuruka angani ndio jinamizi linaopitia. Mbaya zaidi ni sura ya kuingia ndotoni moja kwa moja bila kupoteza fahamu. Kwa anayekabwa, sura hiyo iruke kabisa. Waandishi wanataja kupooza na kusema kwa usahihi kwamba hakudhuru, ulegee tu kutapita. Sawa. Ila kumwambia mtu alegee wakati anaona kivuli mlangoni, bila kumwandaa kwa wiki kadhaa, ni kama kumfundisha kuogelea baada ya mtumbwi kupinduka.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo, na ni lawama ya mpangilio zaidi kuliko ya maudhui. Kitabu kina sura nzima ya ndoto za kutisha, na ndiyo sura bora. Inakuambia usilikimbie zimwi, ligeuzie uso, liulize linataka nini. Imeazima sehemu ya busara hiyo kwa Paul Tholey, Mjerumani aliyependelea mazungumzo na adui wa ndotoni badala ya kumpiga. Ndani ya sura hiyo kuna zoezi dogo ambalo msomaji mwenye haraka atalipita: irudie ndoto mbaya ukiwa macho, mchana, chagua mahali pa kuibadilisha, halafu iwazie hadi mwisho mpya. Basi. Hakuna alamu, hakuna kujitambua usingizini. Waandishi wameliweka hapo kama kiambatisho cha safari kubwa.

Miaka iliyofuata imeonyesha kwamba kiambatisho ndicho kilikuwa dawa. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha katika JAMA jaribio la wanawake 168 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono na wenye jinamizi sugu. Waliofundishwa kuandika upya ndoto zao mchana na kuzirudia akilini walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika tamko lao la 2018, waliipendekeza njia hiyo. Kuhusu tiba ya kuota ukijijua walisema tu kwamba inaweza kutumika. Halafu kuna utafiti mdogo wa Victor Spoormaker na Jan van den Bout wa 2006, wenye watu 23, ambao ningetamani LaBerge angeubandika kwenye jalada. Waliofundishwa kuota wakijijua walipungukiwa na jinamizi, lakini kujitambua kwenyewe hakukuwa lazima ili nafuu ije. Watu 23 ni wachache, sitaki kujenga ghorofa juu yao. Hata hivyo vidole vyote vinaelekea kulekule. Mwaka 2022 maabara ya Geneva iliwapa wagonjwa 36 mazoezi hayo ya mchana. Nusu yao walifanya mazoezi huku wakisikia mlio wa piano, na wote wakachezewa mlio huo wakiwa ndani ya REM. Wale waliokuwa wameufunganisha na ndoto mpya walipungukiwa na jinamizi zaidi. Kilichowasaidia usiku kilikuwa kimepandwa mchana.

Kwa hiyo jibu nililompa jirani yangu lilikuwa daftari. Andika ndoto, lakini usianze na ile mbaya kuliko zote, chukua ya wastani. Badilisha unavyotaka wewe: maji yanafika magotini yanakuwa ya joto, mlango unageuka pazia la kitenge, shangazi yupo upande wa pili anauza dagaa. Haihitaji kuwa na akili, ni ndoto. Kisha dakika kumi hadi ishirini kila siku, mchana kweupe, ipitie ile mpya peke yake. Ile ya zamani usiirudierudie. Watu wanakosea hapo wakidhani wanatakiwa kuzoea hofu kwa kuitazama.

Jambo jingine ambalo kitabu kimelipita kwa kasi mno ni chanzo. Jinamizi halitoki kila mara "ndani ya nafsi". Mefloquine, dawa ya kuzuia malaria ambayo wasafiri wengi wa ukanda huu wamewahi kuandikiwa, inajulikana kwa ndoto za ajabu. Efavirenz, iliyokuwa kwenye kidonge cha kila usiku cha maelfu ya Watanzania wanaoishi na VVU kabla ya dolutegravir kuanza kuchukua nafasi yake mwaka 2019, ilijulikana hivyohivyo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuongea na zimwi, anahitaji kuongea na daktari, na asiache dawa kwa uamuzi wake. Kuna pia msiba halisi. Mkoa huu umezika watu wa MV Bukoba, Mei 1996, na wa MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018. Aliyeokoka majini na bado anazama kila usiku ana jeraha, na Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili kwa ajili hiyo. Vilevile anayesikia sauti mchana, au ambaye mpaka wa ndoto na macho umeshaanza kumpotea, mazoezi ya kujiuliza kila saa "je, hapa naota?" si ya kwake.

Je, mwenye jinamizi asiguse kabisa kuota akijijua? Aguse, lakini baada ya wiki kadhaa za daftari, ndoto zikishapoa. Wala asitegemee miujiza. Denholm Aspy wa Australia alikuta mwaka 2017 kwamba waliounganisha kuamka alfajiri, kujipima mchana na ile nia ya LaBerge walifanikiwa kama asilimia 17 ya usiku waliojaribu. Wale waliorudi usingizini ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia walifika asilimia 46. Somo la kitaalamu hapo ni kwamba ukijigeuzageuza kitandani saa nzima, acha, lala tu. Mtu akizinduka amekabwa, asipigane na mwili mzima. Aanze na kidole cha mguu au apumue polepole, huku akijiambia kwa lugha ya nyumbani kwao kinachotokea.

Na vile vipimo vya kujua kama unaota vichaguliwe kwa akili. LaBerge anapenda usome maandishi, ugeuke, usome tena, kwa kuwa ndotoni hubadilika. Hicho ni kizuri, bango la duka la dawa linatosha. Wengine waliongeza swichi: ukiwasha taa isiwake, basi unaota. Kwa kipimo hicho, kuna wiki Buswelu nzima ingekuwa ndotoni.