Vibarua wa StarCraft

StarCraft II inauzwa kama gemu ya vita vya sayari za mbali, lakini ukikaa nayo wiki mbili hivi utagundua ni gemu ya vibarua. Wanajeshi, vifaru, meli za kurusha moto, vyote vinalipiwa na wale viumbe wadogo wanaochota fuwele za samawati kando ya kituo chako. Wanachota, wanarudisha, wanachota tena, mechi nzima. Kila mmoja anabeba madini matano kwa safari. Hakuna zamu kama kwenye drafti: adui anajenga wakati huo huo unaojenga, na anayechelewa analiwa. Ndiyo maana mabingwa wa Korea Kusini hubofya zaidi ya mara 300 kwa dakika. Mimi niko Kipkelion. Asubuhi ya Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi, nikifika 70 nashukuru Mungu.

Kuicheza huku si ngumu sana, maana tangu Novemba 2017 sehemu kubwa yake ni bure na laptopu ya mtumba inaibeba. Shida ni mpinzani. Gemu haina seva Afrika, kwa hivyo amri yangu inasafiri hadi Ulaya ndipo askari ainue mguu. Stima ikipotea katikati, umeshindwa, hakuna rufaa. Basi mara nyingi napigana na kompyuta yenyewe, na hapo napata muda wa kuangalia mambo ambayo mabingwa hawana nafasi ya kuyaangalia.

Mfano ni huu. StarCraft ya kwanza, ya 1998, ilikuanzishia mechi na vibarua 4. Ya pili, ya 2010, ikakupa 6. Legacy of the Void ilipotoka 2015, wakawa 12. Mashabiki wanasema ni ili kupunguza kungoja, na ni kweli, zile dakika za mwanzo zilikuwa zinaboesha. Ila naona kitu kingine pia: kila toleo, gemu inazidi kuona kazi ya hawa watu kama kitu cha kurukwa ili tufike kwenye moto.

Jamii tatu, vibarua wa aina tatu. Wa Protoss nawaonea wivu, kazi yao ni kufungua mlango wa mwanga tu, jengo linajileta lenyewe, wao wanarudi kuchota. Wa Zerg ndio wa kweli kuliko wote: ukimwambia ajenge, anageuka kuwa jengo. Haonekani tena. Hapo waundaji hawakuficha kitu. Wa Terran ni binadamu ndani ya chuma, anaitwa SCV, anagonga nyundo na kuchomelea, na ukimbofya sana bila kumpa kazi anaanza kukujibu kwa hasira. Ni karibu upinzani pekee aliopewa.

Halafu kuna MULE, na hapa ndipo gemu inapokuwa kubwa kwangu. MULE ni mashine unayoiangusha kutoka angani. Inachimba dakika moja na kidogo, inabeba mara kadhaa ya anachobeba SCV, kisha inajizima. Na haihesabiwi. Jeshi lako na vibarua wako wote kwa pamoja hawawezi kupita 200. Kila SCV anakula nafasi moja, MULE haili hata moja. Fanya hesabu. Mechi ikirefuka, wachezaji hodari wa Terran wanajenga vituo vingi vya kuangushia MULE, kisha wanawachukua SCV wao wenyewe na kuwatuma mbele ya jeshi wakafe, ili nafasi zao zichukuliwe na askari. Nimeifanya mwenyewe, na inafanya kazi vizuri ajabu. Hakuna ukatili unaousikia mkononi. Unasikia tu kwamba umepanga mambo.

Shangazi yangu alichuma chai miaka mingi kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho, kabla ya kurudi Kipkelion kwenye kahawa yake. Siku moja alisimama nyuma yangu akaangalia skrini, asiulize lolote kuhusu meli wala mazimwi.

"Hao wa pembeni wanalipwa kwa kilo?"

"Hawalipwi, shangazi."

"Na hawagomi?"

Hawagomi. Akacheka, akaenda zake.

Yeye alikuwa anajua MULE kabla yangu. Chai ya mkono ni majani mawili na chipukizi, jicho na vidole vikifanya kazi pamoja. Mashine inakata sehemu ya juu ya kichaka chote na kuendelea. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kimezipinga kwa miaka. Mei 2023 waandamanaji walizichoma moto huko Kericho, na mtu aliuawa. Hesabu ya mwenye shamba ilikuwa ile ile yangu ya usiku, nafasi na gharama, sema tu SCV wa Kericho walikuwa na kiberiti.

Kinachonishangaza ni jinsi wachezaji wanavyoujua huu uchungu ukiwafika wao. Januari 2019 kampuni ya DeepMind ilionyesha AlphaStar, programu iliyowafunga TLO na MaNa, wachezaji wa kulipwa, mechi 10 kwa 0, kabla MaNa hajaokoa moja ya moja kwa moja. Mashabiki walilalamika: mashine ilikuwa na wepesi ambao hakuna mkono wa mtu unaoweza kuufikia wakati wa mapigano. DeepMind ikasikia, ikaibana zaidi idadi ya amri zake katika majaribio yaliyofuata mwaka huo.

Kwa hivyo mkono wa bingwa ulipata watetezi. Mkono wa SCV haujapata hata tukio moja kwenye kampeni. Wings of Liberty inampa Jim Raynor saa nzima nzima za kunywa pombe na kumlilia Kerrigan, na anaandikwa vizuri, sikatai. Nyuma yake, kando ya fuwele, wale wengine wanaendelea kuchota, na gemu haina kitufe cha kuwauliza.