Kosa la Nusu Sauti

Mjukuu wangu hupiga muziki kwenye maharusi, na ndiye aliyenionyesha gurudumu la Camelot. Mwanzoni nilidhani ni bahati nasibu. Kumbe lilikuwa somo langu mwenyewe la muziki, limevaa nguo za vijana. Gurudumu hilo, lililobuniwa na Mark Davis, lina namba 1 hadi 12 kama uso wa saa, kila namba ikiwa na A kwa ufunguo wa maina na B kwa ufunguo wa meja. A maina ni 8A, C meja ni 8B. DJ aliye kwenye 8A huruhusiwa kwenda 7A, 9A au 8B, kwa kuwa funguo hizo zinashirikiana noti sita au zote saba. Jambo hilo mimi nilikuwa nikilifundisha kwa majuma kadhaa, tena kwa chaki nyingi, na bado wengine walitoka chuoni hawajalielewa.

Kwa hiyo gurudumu silidharau. Ila lina ndugu yake, nayo ni kasi, na hawa wawili hawakuzaliwa wakipatana. Kulinganisha kasi ni kama wanawake wawili kutwanga kinu kimoja: mchi mmoja ukichelewa, inagongana. Sasa chukua mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, yenye kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ukitaka uende na wa 127, utauharakisha kwa karibu asilimia 6. Lakini santuri ikizunguka upesi, sauti nayo hupanda, na asilimia 6 ni nusu sauti nzima. Ile 8A imekuwa 3A, upande wa mbali wa gurudumu! Anayeamini namba iliyoandikwa kwenye jalada bila kutega sikio ataumbuka mbele za watu. Siku hizi mashine za kidijitali zina kitufe cha kushikilia ufunguo usipande, na ugomvi huo kwa wengi umekwisha.

Ndipo mjukuu akaniletea Jeff Mills. Huyu ni mtu wa Detroit, Marekani, na kazi yenyewe ilirekodiwa mwaka 1995 katika ukumbi wa Liquid Room, Tokyo, ikatolewa mwaka 1996. “Babu,” akasema, “huyu hajali gurudumu.” Niliisikiliza mara tatu, kalamu nyekundu mkononi kama niliyekuwa nikisahihisha mitihani.

Makosa yapo. Kuna mahali ngoma mbili zinakwaruzana kabla hazijapatana, na hakuna aliyeyafuta. Kuna mahali pia ngoma inafuata ngoma mpaka sikio la mzee linaomba maji. Lakini nilipojaribu kuandika kosa la ufunguo, kalamu ilikosa pa kushika. Santuri nyingi anazozipiga ni ngoma tupu na kifungu kimoja kifupi cha noti kinachorudiwa, naye huiondoa santuri kabla masikio hayajauliza do iko wapi. Pasipo na wimbo, gurudumu halina kazi. Sheria pekee anayoitii ni ya kinu, na hiyo anaitii kwa jasho, maana akiivunja kwa muda mrefu miguu yote ukumbini itasimama.

Halafu linakuja “Strings of Life” la Derrick May, la mwaka 1987, wimbo wa piano na nyuzi usio na besi. Baada ya ukame ule wote, piano hiyo ilinishika kifuani. Kama angetutembeza kwa jirani na jirani, 8A, 9A, 10A, piano ingefika kama mgeni aliyezoeleka. Ilinishtua kwa sababu aliyeileta hakuwa amebisha hodi.

Hapo nikamkumbuka mwanachuo mmoja, binti mpole, aliyefanya mtihani wa vitendo kwa kuongoza kwaya bila kinanda. Waliimba vizuri hata wapishi wakatoka jikoni kusikiliza. Mwishoni nikapuliza filimbi yangu ya kupimia sauti: walikuwa wameshuka nusu sauti. Nikakata maksi. Akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, na wimbo je, uliusikia?” Nikamjibu kwamba nilisikia sauti imeshuka. Kwa kanuni nilikuwa sahihi, na jibu hilo sikulijutia mpaka mwaka huu, niliposikiliza santuri za Mmarekani yule.

Mjukuu alitaka kujua Mills ningempa ngapi kwa mia. Nilimwambia arudishe kwanza pale piano inapoingia.