Tasfida Kituoni: Lugha ya Kuripoti Ubakaji Mpakani Busia na Malaba

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuitazama tasfida kama adabu ya mazungumzo. Huihesabu pamoja na tamathali nyingine za usemi, hutoa mifano ya kufa na kwenda haja, kisha huendelea na mengine. Makala haya yanakusudia kuihakiki tasfida mahali pasipo na mchezo wa maneno, yaani mbele ya meza ya kituo cha polisi, ambapo mtu aliyebakwa hueleza yaliyompata na mtu mwingine mwenye sare huyaandika. Hoja itakayotetewa ni kwamba zipo tasfida za namna mbili katika tukio hilo, wala hazistahili hukumu moja. Tasfida ya aliyeumizwa ni stara. Tasfida ya mwenye kalamu ni uficho, na mara nyingine huwa ni msamaha aliopewa mkosaji bila hukumu.

Busia na Malaba ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu. Hapa hukutana Ateso, Lukhayo, Lusamia, Lumarachi na Dholuo. Ng'ambo ya pili ya mpaka huongezeka Luganda. Na madereva wa malori wanaongoja zamu yao ya kuvuka huleta Kiswahili cha kila bandari. Msichana wa Butula huweza kumweleza mama yake kisa chake kwa Lumarachi, akakirudia kituoni kwa Kiswahili, na askari akakiandika kwa Kiingereza katika kitabu cha matukio. Hakimu atakapokisikia, kisa kitakuwa kimepita katika lugha tatu na vinywa kadhaa. Katika kila kivuko kuna neno linaloachwa nyuma.

Tukio la Tingolo laonyesha gharama ya kivuko hicho. Mwezi wa Juni mwaka 2013, katika kijiji hicho cha Butula, Kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akirejea kutoka mazishi ya babu yake alivamiwa na kundi la wanaume, akabakwa, kisha akatupwa ndani ya shimo la choo. Uti wake wa mgongo uliumia. Wanakijiji waliwapeleka baadhi ya watuhumiwa kwa polisi. Magazeti yaliripoti baadaye kwamba tukio liliandikwa kama shambulio, si ubakaji, na kwamba watuhumiwa waliamriwa kufyeka nyasi za kituo, wakaachiliwa. Gazeti la Daily Nation lilipoitangaza habari hiyo mwezi wa Oktoba, msichana huyo akiitwa kwa jina la kupanga la Liz, watu zaidi ya milioni moja duniani walitia sahihi ombi la kutaka haki itendeke. Waandamanaji walilipeleka ombi hilo kwa wakuu wa polisi jijini Nairobi. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 mahakama ya Busia iliwahukumu wanaume watatu kifungo cha miaka 15 kwa ubakaji wa kikundi, na miaka 7 kwa kumdhuru vibaya mwili.

Wengi walioandika juu ya kisa hiki waliishangaa adhabu ya nyasi. Ni haki yao kushangaa, walakini mhakiki wa lugha hana budi kuuliza adhabu hiyo ilitoka wapi. Kufyeka nyasi ni adhabu ya shuleni. Hupewa mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani. Askari aliyeitoa hakubuni jambo geni. Aliliweka tendo katika aina ya hadithi aliyoifahamu, hadithi ya vijana watundu na mzee anayewarudi. Na hadithi hiyo iliwezekana kwa sababu kitabuni liliandikwa neno jepesi. Shambulio ni neno linalotosha ugomvi wa kilabuni. Mtu akiisha kuandika neno hilo, nyasi hazionekani tena kuwa adhabu ya ajabu. Kosa la panga lilitanguliwa na kosa la kalamu.

Yafaa basi kuyapima maneno ambayo Kiswahili cha Kenya humpa mtu anayetaka kulitaja tendo hili. Kunajisi, ambalo hutumika hasa kwa mtoto, latokana na najisi, yaani kitu kichafu kisichofaa ibada mpaka kitakaswe. Neno hili halisemi kwamba mtoto ameumizwa. Lasema kwamba amechafuliwa, na uchafu humkaa yeye, si yule aliyeuleta. Wala si Kiswahili peke yake chenye lawama, kwa kuwa istilahi ya Kiingereza inayofasiriwa kwa neno hili nayo ina maana ya kutia uchafu. Kuharibu, linalotumika sana vijijini, humfanya msichana kuwa mali iliyopungua thamani, na huelekeza macho kwa baba mwenye mali. Dhuluma za kimapenzi, msemo unaopendwa na watangazaji, huyaleta mapenzi mahali ambapo hayakuwapo. Kibaya zaidi ni kushiriki mapenzi na mtoto, kwani kushiriki huhitaji wawili wenye nia moja, na sentensi hiyo humpa mtoto nia asiyokuwa nayo. Kubaka ndilo neno linalotaja nguvu na mtendaji waziwazi. Si ajabu kwamba ndilo linalokwepwa.

Sheria yenyewe ilikuwa na safari yake. Katika Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka ukoloni, ubakaji uliwekwa katika sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyekosewa ni desturi ya jamii, si mwili wa mtu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, iliyowasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, ililibadilisha jina hilo na mpangilio huo. Hata hivyo, sheria hiyo ilizaliwa na kifungu cha 38, kilichomtisha mlalamikaji kwamba akionekana kuwa amesema uongo atapewa adhabu ile ile ya kosa alilolitaja. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Kwa miaka sita, mwanamke aliyekuwa akichagua maneno yake kituoni aliyachagua chini ya tishio hilo.

Hapa huenda mtu akasema kwamba dawa ni kuwafundisha waathiriwa kutaja mambo kwa majina yake. Rai hiyo ina upungufu. Mtoto wa Kenya akiulizwa mahakamani, mara nyingi husema, alinifanyia tabia mbaya. Msemo huo si ujinga. Ni lugha aliyofunzwa na mama yake ili asitamke yasiyotamkika mbele ya wakubwa, na ndani ya jamii yake maana yake haina utata. Mahakama ya Rufani, katika hukumu moja ya mwaka 2017, ilikiri kwamba watoto hutumia semi za namna hii kwa aibu na uchungu. Aidha, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi humruhusu hakimu kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake katika makosa ya kijinsia, mradi ausadiki na aandike sababu za kuusadiki. Kwa hiyo sheria haimtaki mtoto abadili lugha yake. Inamtaka mwandishi ayahifadhi maneno yake jinsi yalivyo, kisha aulize kwa upole na kuandika maelezo yaliyofuata. Askari anayeisikia tabia mbaya na kuandika shambulio hajafasiri, amehariri.

Kuna jambo la pili, nalo ni sare. Mtu anayeripoti huanza sentensi yake kwa neno afande. Ni neno la heshima, litumikalo jeshini na polisini, na humweka msemaji chini kabla hajasema lolote. Lakini yaweza kutokea kwamba aliyetenda uovu naye huitwa afande. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilipokea ushahidi wa ubakaji uliotendwa na askari wa vikosi vya usalama katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliilaumu serikali kwa kutochunguza na kutoshtaki makosa ya aina hiyo. Kati ya walalamikaji wanane walionusurika, wanne walipewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Sheria ya 2006 ina kifungu cha 24 kinachomwadhibu askari wa usalama anayetumia cheo chake kumwingilia mtu, na tangu mwaka 2011 pameundwa mamlaka huru ya kupokea malalamiko dhidi ya polisi. Kwa mwanajeshi aliyedhulumiwa kambini njia ni nyembamba zaidi, maana mkubwa anayepaswa kupokea taarifa huweza kuwa ndiye mtuhumiwa, au rafiki yake. Atasemaje afande, na kumshtaki afande, katika sentensi moja?

Mpakani swali hili lina uzito wa pekee. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu ukoloni. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikuwa wamekwisha kukijua kama lugha ya kizuizi cha barabarani. Badiliko la Katiba la mwaka 2005 lilikifanya lugha rasmi ya pili, lakini kumbukumbu hazifutwi kwa kura ya Bunge. Mwanamke anayevuka kutoka ng'ambo na kufika kituoni Malaba huulizwa kwa Kiswahili, naye huenda akaisikia lugha ya bunduki. Wasomi wanaokisifu Kiswahili kama lugha ya umoja wa Afrika Mashariki hawana budi kulitia jambo hili katika hesabu zao.

Njia nyingine zipo, na zinastahili kujulikana na kila mwalimu wa lugha anayefundisha mpakani. Aliyebakwa aweza kwenda hospitali kwanza, wala hatakiwi kuonyesha karatasi ya polisi ndipo atibiwe. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Huko hujazwa fomu ya huduma baada ya ubakaji, na fomu ya P3 hufuata kwa ajili ya kesi. Simu 1195 na, kwa watoto, 116 hupigwa bila malipo. Lakini fomu hizi nazo ni matini. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na nafasi iliyoachwa kwa maelezo ya mwathiriwa hujazwa na mkono wa mtu mwingine.

Idara za lugha zimetunga istilahi za fizikia, za benki na za sarufi yenyewe. Kazi iliyobaki ni ndogo kwa kurasa lakini kubwa kwa matokeo: fomu ya Kiswahili yenye maneno yasiyomchafua aliyeumizwa, pamoja na orodha ya semi za staha za Lumarachi, Lukhayo, Lusamia na Ateso, zikiwa na maana zake, ili askari asipate kisingizio cha kutoelewa. Orodha hiyo haitazuia ubakaji. Itazuia neno shambulio lisiandikwe mahali pa neno jingine, na huko Tingolo hapo ndipo haki ilipopotea mara ya kwanza.